Mabilioni yaliyopotea kwa siku moja, nani kayaokota?

Swali hili si langu. Liliulizwa na mzee mmoja pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kipindi cha mwezi, zile siku ambazo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani kwa sababu mwezi ukiwaka taa zao hazivuti kitu. Watu walikuwa wamekalia magunia wakinywa kahawa. Kijana mmoja akasoma kwenye simu kwamba mwenye kampuni fulani ya mitandao huko Marekani amepoteza mabilioni ya dola tangu jana. Mzee akaweka kikombe chini.

"Kapoteza? Zimedondoka wapi? Hela haipotei, ng'wanawane. Ikipotea ujue kuna aliyeiokota."

Pale pale majibu yakaanza kumiminika. Mmoja alisema serikali yao imezitaifisha. Mwingine akasema ni mambo ya Frimasoni, jibu ambalo hapa kwetu halikosekani kikitajwa kitu chenye sifuri nyingi. Wa tatu akashangaa kwa nini mtu mwenye hela zote hizo asigawie kila Mtanzania milioni moja akabaki na chenji.

Mimi naandika hesabu za matajiri wawili wa mitumbwi. Nina madaftari ya kaunta ya miaka mingi yananuka dagaa, na kadiri ninavyosikiliza mabishano haya naona kila kinachowachanganya watu kuhusu wakubwa wa teknolojia kimo humo daftarini, ila kwa tarakimu ndogo.

Tuanze na majina ya watu. Kambini, tajiri ni mwenye mtumbwi, mashine, nyavu na taa. Si lazima awe mvuvi. Mmoja wa hawa wangu anaogopa hata kupanda kivuko cha Kamanga. Nahodha ndiye anayeamua leo tunaelekea wapi na tunatega saa ngapi, lakini mtumbwi si wake. Wavuvi wanavuta nyavu. Na mara nyingi yupo mtu wa nne asiyeonekana mwaloni kabisa: shemeji wa Dar es Salaam au mama mwenye duka Igoma aliyetoa hela ya mashine, akasubiri mgao wake.

Kampuni ya teknolojia ina watu hao hao. Mwanzilishi ndiye aliyepata wazo na kuchonga mtumbwi. Mkurugenzi mtendaji ni nahodha. Wawekezaji ni wale wa hela ya mashine. Bodi ni kikao cha wachache wanaomsimamia nahodha kwa niaba ya wenye mali, na kikao hicho ndicho kinachomwajiri na kumfukuza. Hisa ni kipande cha umiliki: chombo kimegawanywa vipande, kila mwenye kipande ni mwenye chombo kwa kadiri ya kipande chake. Mtu mmoja anaweza kuwa na nafasi zote hizo. Anaweza pia kuwa na moja tu. Vichwa vya habari vinapoandika "mmiliki wa Facebook" au "bosi wa Microsoft" vinazichanganya zote kwenye kapu moja, na hapo ndipo kahawa inapoanza kumwagika.

Sasa turudi kwenye hela za mzee. Chukua mtumbwi wenye kila kitu chake, tuseme milioni 20. Tuukate kwa karatasi vipande 100, kila kimoja kinasimama kwa shilingi 200,000. Tajiri ana vipande 60, kwa hiyo tunasema "ana" milioni 12. Dagaa wanatoka vizuri, na jamaa mwenye vipande vichache anamuuzia jirani yake kipande kimoja kwa 300,000. Kimoja tu. Lakini kwa kuwa hiyo ndiyo bei ya mwisho iliyoonekana, kila mtu anaizidisha kwa 100: mtumbwi sasa ni wa milioni 30, na tajiri wetu, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amelala kwake Nyegezi, ameamka na milioni 18. Ameongezewa milioni 6 na hakuna aliyempa hata mia mbovu.

Mwezi unaofuata nyavu zinachanika, samaki wanahama. Mwenye shida anauza kipande chake kwa 150,000. Zidisha tena. Tajiri ana milioni 9. Mtaani watasema kapoteza nusu ya utajiri wake. Nani kaokota? Hakuna, kwa sababu zile milioni hazikuwahi kuwa noti. Zilikuwa ni makadirio ya kwamba, laiti angeuza vipande vyake vyote kwa bei ya yule wa mwisho, angepata kiasi hicho. Na kwa kweli asingekipata, maana angejitokeza na vipande 60 kwa mkupuo watu wangejiuliza ameona nini, bei ingeporomoka kabla hajamaliza kuhesabu.

Hata hivyo mzee hakukosea sana. Yupo mtu aliyeumia kwa noti halisi: yule jirani aliyenunua kwa 300,000, akibanwa na ada ya shule akauza kwa 150,000. Na yupo aliyezipata: aliyemuuzia kule juu. Pesa huhama mkono siku ya kununua na siku ya kuuza. Katikati hapo ni bei tu inayopanda na kushuka, kama ya bondo la sangara, kile kibofu cha hewa cha samaki huyo. Mwenye mabondo ndani anaamka tajiri au fukara kwa simu moja ya mnunuzi, na mabondo yenyewe yapo pale pale.

Ndicho kilichompata Mark Zuckerberg tarehe 3 Februari 2022. Kampuni yake, Meta, yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, ilikuwa imetoa taarifa ya robo mwaka. Ndani yake mlionekana kwamba kwa mara ya kwanza idadi ya watu wanaoingia Facebook kila siku imepungua kidogo, na kwamba mabadiliko ya faragha kwenye simu za Apple yangeinyima mapato ya matangazo ya kama dola bilioni 10 mwaka huo. Wenye hisa wakakimbilia kuuza. Ndani ya siku moja bei ikaanguka kwa zaidi ya robo, thamani ya kampuni ikapungua kwa zaidi ya dola bilioni 200, na yeye binafsi, kwa makadirio, karibu bilioni 30. Jioni alirudi nyumba ile ile na hisa zile zile, hakuna iliyotoka mfukoni.

Na ndiyo maana ile hesabu ya kumgawia kila Mtanzania milioni moja haiendi. Haya mambo yanayoitwa utajiri wa fulani ni hisa, si marundo ya hela kwenye benki. Mshahara wenyewe ni kichekesho: Zuckerberg amekuwa akilipwa dola moja kwa mwaka tangu 2013. Moja. Kuli wa Kirumba anamzidi kabla ya saa mbili asubuhi.

Basi wanakulaje? Wengine huuza hisa kidogo kidogo. Wengine hufanya anachofanya mfanyabiashara wa Mwanza mwenye nyumba ya Capripoint: hauzi nyumba, anapeleka hati benki, anachukua mkopo. Elon Musk amewahi kuweka rehani sehemu ya hisa zake za Tesla, kampuni ya magari ya umeme, kwa namna hiyo. Lakini alipoinunua Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44 makadirio hayakutosha, ilitakiwa hela. Aliuza hisa za Tesla za mabilioni ya dola, akatafuta wawekezaji wenzake, na kampuni ikabebeshwa mkopo wa benki wa kama bilioni 13. Tajiri kuliko wote duniani, na bado alihangaika kutafuta noti. Mimi hilo lilinifariji kidogo.

Jambo la pili linalochanganya ni sauti: nani mwenye kauli ya mwisho. Hapa wanawake wa vikoba wanaelewa haraka kuliko sisi wanaume wa kahawa. Kwenye kikoba unanunua hisa kila wiki, mwenye uwezo anaweka tano, asiye nao anaweka moja, lakini ikifika kupiga kura kila mtu ana kura yake moja. SACCOS nayo hivyo hivyo. Kampuni haiko hivyo. Kule kura inakwenda na hisa: mwenye hisa elfu ana kura elfu. Sasa wenzetu wa teknolojia wameongeza utundu juu yake. Meta ina aina mbili za hisa. Zinazouzwa kwa watu wote sokoni zina kura moja moja. Zile ambazo nyingi anazishika Zuckerberg zina kura kumi kila moja. Ndiyo maana akiwa na kama asilimia 13 tu ya hisa zote, ana zaidi ya nusu ya kura. Waanzilishi wa Google, Larry Page na Sergey Brin, walijipangia vivyo hivyo, na ingawa walishaacha kazi za kila siku na nahodha sasa ni Sundar Pichai, kura zao mbili zikijumlishwa hakuna wa kuzishinda.

Fikiria mwanakikoba anakuja na daftari lenye masharti kwamba kila hisa yake ihesabiwe mara kumi kwenye kura. Wangemtoa nje na kiti chake. Wawekezaji wa Marekani walikubali kwa sababu waliona mtumbwi unarudi umejaa.

Asiyejipangia hivyo anaweza kujikuta nje ya chombo alichokichonga mwenyewe. Steve Jobs alianzisha Apple mwaka 1976 na Steve Wozniak. Alikuwepo na wa tatu, Ronald Wayne, aliyepewa asilimia 10 akaogopa madeni, akaziuza baada ya siku 12 kwa dola 800, na huyo kila nikimkumbuka roho inaniuma kana kwamba ni ndugu yangu. Mwaka 1983 Jobs alimshawishi John Sculley atoke Pepsi aje kuwa nahodha. Miaka miwili baadaye wakagombana, bodi ikasimama na Sculley, na mwanzilishi akaondoka. Alirudi 1997, Apple ilipokuwa inazama, baada ya Apple kuinunua kampuni aliyoianzisha yeye huko nje. Simu ya iPhone ikatoka 2007. Kwa hiyo anayesema "mwanzilishi hafukuzwi" amwangalie huyu.

Kisa cha karibu zaidi ni cha Sam Altman wa OpenAI, waliotuletea ChatGPT. Ijumaa ya tarehe 17 Novemba 2023 bodi ilimfukuza. Yeye alikuwa amekwisha kuliambia Bunge la Seneti la Marekani, Mei mwaka huo, kwamba hana hisa katika kampuni hiyo. Hana hisa, hana kazi, kwa hesabu za kawaida ameisha. Lakini karibu wafanyakazi wote, zaidi ya 700, wakaandika barua kwamba asiporudi na wao wanaondoka. Ndani ya siku tano alikuwa amerudi kwenye kiti, na wengi wa bodi ile ndio waliotoka. Hili mwaloni halihitaji mkalimani. Tumeshaona tajiri anamfukuza nahodha saa kumi jioni, wavuvi wote wanashuka na mabegi yao, na saa kumi na mbili tajiri huyo huyo anapiga simu: "Mwambieni arudi, giza linaingia." Chombo ni cha tajiri, sawa, ila bila watu wanaojua kukiendesha ni mbao tu.

Na msidhani kura na hela vinamweka mtu juu ya serikali. Jack Ma, aliyekuwa mwalimu wa Kiingereza kabla ya kuanzisha Alibaba, kampuni ya biashara ya mtandaoni, mwaka 1999, aliwakosoa hadharani wasimamizi wa fedha wa China Oktoba 2020. Kampuni yake nyingine, Ant, ilikuwa imejiandaa kuuza hisa kwa kiasi ambacho kingevunja rekodi ya dunia. Siku mbili kabla ya hisa kuingia sokoni, mamlaka zikasimamisha kila kitu. Ni kama doria inakukuta umeshatia mafuta.

Kuhusu nani alianzisha nini, huko ndiko kwenye uongo mtamu. Wengi wanaamini Musk ndiye aliyeanzisha Tesla. Tesla ilianzishwa Julai 2003 na wahandisi wawili, Martin Eberhard na Marc Tarpenning. Musk aliingia mapema 2004 na dola milioni 6.5, akawa mwenyekiti wa bodi, na ukurugenzi mtendaji akaushika 2008. Ilikwenda mpaka mahakamani, na mwaka 2009 wakakubaliana kwamba watu watano, yeye akiwemo, waruhusiwe kujiita waanzilishi. Yaani mtu wa hela ya mashine aligeuka nahodha, kisha akaandikwa jina ubavuni mwa mtumbwi. Simdharau. Kazi iliyofanya kampuni ikue ilifanyika mikononi mwake. Lakini wazo na mbao za kwanza zilikuwa za wengine.

Hata M-Pesa, tunayoitumia kila siku, ina hadithi yake: kwamba eti mwanafunzi wa Kenya aliibuni akaibiwa. Kinachojulikana ni kwamba Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone ya Uingereza waliiendesha kama mradi pamoja na Safaricom, kwa sehemu ukisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza. Lengo la mwanzo lilikuwa watu warejeshe mikopo midogo kwa simu. Kwenye majaribio wakaona watu wanaitumia kutumiana hela tu, wakafuata walikoelekea watu. Safaricom chini ya Michael Joseph iliizindua Machi 2007, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta Tanzania. Mwenye haki ya kujigamba zaidi, kama mnaniuliza, ni yule mtu wa kwanza aliyepewa simu ya majaribio akaamua kumtumia mama yake.

Huku kwetu nako watu huuliza, "Mwenye Voda ni nani?" wakitegemea jina la mtu. Hakuna mtu. Sehemu kubwa ya Vodacom Tanzania ni ya Vodacom Group ya Afrika Kusini, ambayo nayo ina mzazi wake Vodafone. Na robo iliuzwa kwa umma mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze sehemu hiyo kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam. Kila hisa ilikuwa shilingi 850. Mama wa mchele pale Soko Kuu aliyenunua hisa 200 kwa shilingi 170,000 ni mmiliki, tena halali, ingawa akienda kwenye duka lao kusajili laini atapanga foleni kama wewe. Bei ilikaa chini ya 850 kwa muda mrefu baada ya hapo, kwa hiyo naye alionja "kupoteza" bila kuibiwa. Airtel Tanzania ni habari nyingine: kwa makubaliano ya 2019, asilimia 49 ni ya serikali na 51 ya Bharti Airtel ya India. Wenye umri wangu wanakumbuka laini ile ile ikiitwa Celtel, halafu Zain. Celtel ilianzishwa na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, akaiuza 2005 kwa dola bilioni 3.4. Namba yako haikubadilika. Waliobadilika ni wenye mtumbwi.

Nimalizie na jambo ambalo vijana wanalikosea sana siku hizi. Julai 2024 habari zilisambaa kwamba NALA, kampuni ya kutuma fedha iliyoanzishwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, imepata dola milioni 40. Nilisikia kwenye daladala ya Buzuruga jamaa akisema, "Dogo kalamba mia bilioni." Hakulamba. Kampuni iliuza vipande vipya kwa wawekezaji, na hela ikaingia kwenye kampuni kulipa wafanyakazi, leseni na mitambo. Kukusanya mtaji si faida, wala si mshahara. Ni kama shemeji wa Dar katuma hela ya mashine ya pili: ukionekana umenunua kiwanja nayo, harusi ijayo usiende.

Kutoelewa haya kuna gharama. Binti mmoja wa kwetu, anayeuza vocha, aliunganishwa kwenye kundi la mtandaoni lenye picha ya bilionea mmoja wa teknolojia, wakamwambia anunue "hisa za hisani" zinazojizidisha mara mbili kila siku saba. Alituma 180,000. Siku ya nane kundi halikuwepo, na namba aliyotumia haikupatikana tena. Nilipomuuliza alinunua vipande vingapi, akasema hawakusema idadi. Nani aliandika jina lake kwenye daftari? Hajui. Kwa Tanzania hisa hununuliwa kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, unafunguliwa akaunti yenye jina lako, na bei ya siku kila mtu anaiona. Hakuna anayekuahidi itapanda lini, kwa sababu hakuna anayejua.

Nilimweleza mzee yote haya, siku mbili mfululizo, kwa mfano wa ule mtumbwi wa vipande 100. Alisikiliza kwa utulivu wa mtu ambaye dagaa wake wamekwisha anikwa. Mwishoni akauliza:

"Mimi na mdogo wangu tuna mtumbwi mmoja kule Ukerewe, nusu kwa nusu. Kwa hiyo mimi nina milioni ngapi?"

"Mpaka apatikane mtu wa kununua nusu yako, mzee."

"Na asipopatikana?"

"Una nusu ya mtumbwi."

Akacheka, akamwaga machicha ya kahawa, akauliza mwezi umebakiza siku ngapi.